Kubaki au Kurudi: Uamuzi Mgumu Mbele za Mungu (Sehemu ya Pili)

Mwaka 2007 wakazi wa Katumba na Mishamo waliulizwa swali ambalo wengi wetu tutaishi na kufa bila kuulizwa: unataka kuwa raia wa nchi gani? Aliyeulizwa alikuwa na hadi miaka 35 ndani ya Tanzania. Pengine alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake. Pengine alizaliwa hapahapa, kwenye ardhi ambayo wakati ule ilikuwa Mkoa wa Rukwa na tangu 2012 ni Katavi, akasoma hapa, akaoa hapa, akazika wazazi wake hapa. Njia zilikuwa mbili, kuomba uraia wa Tanzania au kurudi Burundi. Kila mtu mzima alijibu kwa nafsi yake. Mume hakumjibia mkewe, wala baba hakumjibia mwana aliyekwisha kukua.

Wiki iliyopita nilieleza hofu inavyoingia mwilini na akilini, nikaahidi kwamba leo tutazungumza juu ya uamuzi wenyewe, ile saa ambayo mtu analazimika kusema ndiyo au hapana. Maandiko nitayafikia. Nimeanzia Katumba kwa sababu mahubiri mengi juu ya kumtegemea Mungu husimuliwa kana kwamba mwenye imani huiona njia yake imewashwa taa mwanzo hadi mwisho. Watu wa Katumba hawakuwashiwa taa yoyote.

Walikotoka kunajulikana. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na majibu ya serikali ya Michel Micombero yakawa mauaji ya Wahutu yaliyodumu kwa miezi. Makadirio mengi ya waliouawa huanzia laki moja na kupanda. Waliookoka walikimbilia Rwanda, Zaire na kwetu. Serikali ya Tanzania iliwapa maeneo ya porini: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba mwaka 1973, kisha Mishamo mwaka 1978. Ilikuwa miombo mitupu yenye mbung'o, nchi ambayo ugonjwa wa malale ulikuwa umeifanya watu waihame. Kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na shirika la Kikristo la TCRS walikata miti, wakachimba visima, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Haikupita miaka mingi wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwenye kumbukumbu za soko la Mpanda miaka hiyo anajua magunia yalitoka wapi.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi nao Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kuandika kitabu kuhusu namna walivyoikumbuka nchi yao. Watu wa Mishamo walijiona kama taifa lililo uhamishoni, linalosubiri siku ya kurudi. Kwa msomaji wa Biblia picha hiyo si ngeni. Basi fikiria mtu aliyelelewa na tumaini la namna hiyo, halafu siku moja fomu inawekwa mezani na anaambiwa achague.

Kwa hesabu ya wakati huo wakimbizi wa 1972 katika makazi yote matatu walikuwa karibu 218,000. Wapatao 172,000 walichagua Tanzania. Wengine, karibu mmoja katika kila watano, walichagua kurudi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ushauri tunaopeana kila siku unavunjikia hapa. Mtu mwenye uamuzi mgumu huambiwa, "Usifuate hofu, fuata imani." Maneno mazuri, na nia yake ni njema. Lakini yanadhani kwamba hofu imekaa upande mmoja na imani upande wa pili, kwamba mlango wa kushoto unatisha na wa kulia unaitwa Mungu. Kwa mtu wa Katumba hofu ilisimama kwenye milango yote miwili. Aliyefikiria kurudi aliwaona waliouawa mwaka 1972, akakumbuka rais aliyeuawa Oktoba 1993 na vita vya miaka mingi vilivyofuata. Alijua vilevile kwamba shamba la baba yake kule Rumonge au Nyanza-Lac lilikuwa na mtu mwingine juu yake, mtu ambaye naye amezaa na kuzika hapo. Aliyefikiria kubaki alijiuliza kama ataitwa mgeni hadi kaburini, kama anawasaliti waliokufa, kama watoto wake watakuja kumlaumu kwa kuuachia urithi. Ukimwambia huyo asifuate hofu, unamwambia aende wapi?

Nimetambua, kwa kuwasikiliza watu wengi wenye maamuzi magumu, kwamba hali hiyo ndiyo ya kawaida. Binti aliyeposwa na mtu mwema asiyempenda sana anaogopa kukubali na anaogopa kukataa. Mkulima wa Nsimbo aliyepewa bei mbaya ya mahindi mwezi wa saba anaogopa kuuza na anaogopa kuweka. Mtumishi aliyepewa uhamisho anaogopa kuondoka, na akibaki anaogopa kuoza. Hofu ikiwa pande zote mbili haiwezi kuwa kipimo, hata ukijitahidi kuifanya adui. Lazima kuwe na swali lingine.

Kitabu cha Ruthu kinafaa kusomwa Katumba kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Naomi alikuwa mkimbizi wa njaa. Alikwenda Moabu na mume na wana wawili, akawazika wote watatu, kisha akasikia kwamba kwao kumepatikana chakula, akaanza kurudi. Wakwe zake wawili walikuwa naye njiani. Orpa alilia, akambusu mkwewe, akarudi kwa watu wake. Ruthu akang'ang'ania kwenda naye.

Kwa maoni yangu Orpa ameonewa sana na wahubiri. Maandiko hayamhukumu hata kwa neno moja. Naomi mwenyewe ndiye aliyewasihi warudi, na aliwaombea wote wawili rehema ya Mungu. Wanawake wawili, njia panda moja, uamuzi tofauti, na baraka ya mama mkwe ilikuwa juu ya wote. Ninapokutana na familia ya Katumba ambayo ndugu mmoja alirudi Burundi na mwingine akabaki, na hadi leo hawaelewani kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake aliogopa, natamani nikae nao chini na kuisoma sura ile ya kwanza polepole.

Tazama pia Ruthu alichokuwa nacho mkononi alipoamua. Hakuwa na ndoto wala malaika. Nabii hakumwambia kwamba atakuwa bibi mzaa babu wa Daudi. Alichokuwa nacho ni mama mzee aliyebaki peke yake, na upendo uliomkataza kumwacha. Walipofika Bethlehemu akaenda shambani kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Tegemeo lake kwa Mungu lilionekana katika shamba la mtu mwingine, kwenye jua, asubuhi yake.

Kuna habari nyingine ambayo husomwa mara chache makanisani, nayo ndiyo iliyonifanya niandike mfululizo huu. Imo katika Yeremia, sura ya 42 na ya 43. Yerusalemu imeanguka. Liwali Gedalia, aliyewekwa na Wababeli, ameuawa. Mabaki ya watu chini ya Yohanani mwana wa Karea wanaogopa kwamba Wababeli watalipiza kisasi. Wanamwendea Yeremia kwa unyenyekevu mkubwa, wanamwomba awaulizie kwa Mungu waende wapi, na wanaapa kwamba watatii jibu, liwe tamu au chungu. Yeremia anaomba. Siku kumi zinapita. Jibu linakuja: kaeni katika nchi hii, msiogope. Wanamwambia nabii kwamba anasema uongo, na wanakwenda Misri, tena wanamchukua na yeye mwenyewe.

Msomaji makini atagundua jambo katika sura ya 41, kabla hawajamwendea Yeremia. Tayari walikuwa wamepiga kambi karibu na Bethlehemu, katika njia ya kwenda Misri. Mizigo ilishafungwa. Walikuja kuomba wakiwa na uamuzi wao mfukoni, na walichokitaka kwa Mungu ni muhuri.

Hili limenigusa kwa sababu nimelifanya. Miaka mingi iliyopita nilipewa nafasi ya kazi mbali na Mpanda, mahali pazuri kwa kipato, na mama yangu alikuwa mgonjwa. Nilifunga siku tatu kumwomba Mungu anionyeshe. Ukweli ni kwamba kabla ya kufunga nilikwishaandika barua ya kukataa, na nilikataa kwa kuogopa watu wa huko watagundua kwamba elimu yangu ni ndogo. Ugonjwa wa mama niliutumia kama pazia. Nilibaki, nikamuuguza, na watu wakanisifu kwa moyo wa utoaji. Mama alipona. Nafasi ile ilichukuliwa na mwingine. Imenichukua miaka kukiri mbele za Mungu kwamba nilifanya jambo jema kwa sababu mbovu, na kwamba maombi yangu ya siku tatu yalikuwa safari ya kwenda Misri.

Ndiyo maana nawashauri wanaoniuliza wasianze na maombi ya kutaka ishara. Waanze na ya kukiri: Mungu, nimeshafunga mizigo kuelekea wapi? Swali hilo huumiza, na mara nyingi jibu lake hupatikana siku hiyohiyo.

Turudi Katumba, kwa waliobaki. Wengi hudhani kwamba mtu akishaamua vizuri, mlango hufunguka. Maombi yao ya uraia yalishughulikiwa, na kufikia mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 walikuwa wamekubaliwa. Vyeti havikutoka. Serikali ilikuwa imepanga kwamba raia wapya wahame makazi hayo na kutawanywa katika mikoa mingine, na cheti kilifungamanishwa na kuhama. Baadaye mpango ukasimamishwa. Kwa miaka kadhaa mtu wa Mishamo alikuwa ameukana uraia wa Burundi na hana karatasi ya Tanzania mkononi. Aliambiwa ahame, kisha asubiri. Unajenga nyumba ya tofali mahali ambapo huenda utaondolewa mwezi ujao? Unapanda miembe? Unachimba choo kipya cha shule?

Hapo ndipo barua ya Yeremia kwa watu waliohamishwa Babeli, ile ya sura ya 29, huwa na uzito ambao sisi wenye vitambulisho hatuuhisi. Nabii anawaandikia watu wa uhamishoni, anawaambia wajenge na wapande, waoze watoto wao, na wauombee heri mji ambao hawakuuchagua. Haikuwa barua ya kuwafariji tu. Walikuwepo manabii wengine waliokuwa wakiwaambia kwamba watarudi nyumbani karibuni, na hao walipendwa zaidi.

Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kukabidhi vyeti vya uraia. Walioomba wakiwa na umri wa miaka 30 walivipokea wakikaribia 40. Katumba leo iko chini ya Halmashauri ya Nsimbo, na Mishamo iko Wilaya ya Tanganyika. Wale waliopanda miembe katika miaka ile ya kusubiri wanakula maembe. Wale ambao hawakupanda siwalaumu, kwa maana sijui ningefanya nini.

Na waliorudi? Wengine walipata ardhi yao, wengine wakagawana na mtu aliyeikalia, wengine wakaingia katika kesi zisizokwisha. Mwaka 2015 Burundi ikatikisika tena, maelfu wakakimbilia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafurika. Miongoni mwao walikuwemo watu waliokwisha kuwa wakimbizi mara moja au mbili kabla. Mtu akiniambia kwamba hiyo ni dalili kuwa waliorudi hawakumsikia Mungu, nitamwambia anyamaze. Ibrahimu aliitikia wito wa kwenda Kanaani, na huko akakuta njaa. Tukipima uamuzi kwa matokeo tu, msalaba wenyewe hatutajua tuuweke wapi.

Sasa kuna kipimo kimoja cha hofu ambacho kwangu hakijawahi kudanganya. Hofu ikipewa kiti cha uamuzi, gharama yake hulipwa na mtu mwingine, na mara nyingi ni yule asiye na mtetezi.

Binadamu siku zote ametafuta mahali pa kuiweka hofu yake. Kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju ambao kwa mapokeo ya wenyeji ni makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa kale ambaye mkoa na hifadhi vimebeba jina lake. Watu waliacha sadaka chini ya mti ule wakiomba baraka kabla ya kuingia porini kuwinda. Mimi ni Mkristo na siombi hapo, lakini siwadharau wazee wale. Aliyekuwa anaingia kwenye nchi ya simba na nyati na upinde tu alikuwa na haki ya kutetemeka, na unga alioweka chini ya mti haukumdhuru jirani.

Kinachodhuru jirani ni kamchape. Katika mkoa wetu, na pia Rukwa na Kigoma, neno hilo halihitaji maelezo. Hao ni watu wanaojidai kufichua wachawi. Wanaalikwa kijijini, watu wanachangishana fedha, kisha wanaingia nyumba kwa nyumba na kutoka na pembe, vibuyu na vitambaa wanavyosema ni uchawi. Sheria inawakataza, na bado wanaitwa. Nani huwaita? Watu waliofiwa na watoto watatu kwa mfululizo. Watu ambao ng'ombe wao wamekufa. Ni watu wenye uamuzi mgumu kabisa, wanaouliza kwa nini sisi, na tufanye nini. Hofu inawapa jibu la haraka lenye jina na sura, na sura hiyo kwa kawaida ni ya mwanamke mzee anayeishi peke yake pembeni mwa kijiji. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka 50. Tunajua vikongwe wangapi wamekatwa mapanga katika ukanda huu wa magharibi kwa sababu ya macho hayo. Na katika mazishi ya vikongwe hao tunaimba, tena wengine wanaoimba ni wale waliochangia fedha za kamchape.

Sitawaacha pembeni wenzetu wanaofanya biashara hiyohiyo kwa jina la Yesu. Mtu anayemwambia mama aliyefiwa kwamba adui yake ni wifi yake, kisha anamuuzia chupa ya mafuta ya upako, amefanya kazi ya kamchape akiwa amevaa tai. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa nimeona ukoo ukivunjika vipande kwa unabii wa dakika kumi.

Dhidi ya hayo yote mkoa wetu una ushuhuda ambao watoto wetu hawafundishwi vya kutosha. Pale Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika ambako leo kuna bandari mpya, Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Mwaka 1889 alifika hapo kijana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa kando ya Mto Niger, katika nchi inayoitwa Mali leo. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Wamisionari walimkomboa Algeria, na baadaye Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea udaktari. Alikuja Tanganyika akiwa katekista na daktari kwa pamoja.

Sitaki kumwekea maneno kinywani. Natazama tu miaka. Mtu aliyeuzwa utotoni alitumwa kwenye ziwa ambalo misafara ya watumwa bado ilikuwa ikilivuka. Akakubali. Akaoa binti wa chifu wa Wabende. Mwanawe Joseph akawa padri. Atiman akatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 baada ya kufika. Wakati wa ukoloni wa Wajerumani alikuwa pale, wakati wa vita alikuwa pale, Waingereza walipochukua nchi alikuwa pale. Mgonjwa aliyeletwa kwake akidhani amerogwa alikutana na mtu anayemwombea huku anamfunga kidonda. Kwa Atiman mikono ya kuomba na mikono ya kutibu haikuwa jozi mbili.

Jirani zangu Waislamu nao hufungamanisha sala na kazi. Wana neno zuri, tawakali, yaani kumtegemea Mungu, na hufundishwa mapema kisa cha ngamia anayepaswa kufungwa kamba kabla ya mwenyewe kumwachia Mungu. Wana pia sala ya istihara, rakaa mbili za mtu anayetaka kuamua. Shehe mmoja alinieleza kwamba waumini wengi huisali kisha hulala wakisubiri ndoto, ilhali ndoto si sharti. Mtu huomba heri, hushauriana na wenye busara, kisha hushika njia na kumwachia Mola aifungue au aifunge. Nilimwambia kwamba na sisi makanisani tuna wasubiri-ndoto wengi.

Nimalizie leo kwa jambo lililonipata nikiwa naandika. Mama mmoja wa hapa Mpanda alinisubiri nje baada ya ibada. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akakaa kimya muda mrefu akikunjakunja ncha ya kanga. Binti yake ana ujauzito wa pili. Wa kwanza alijifungulia nyumbani, mtoto akafa. Kliniki wamemwambia safari hii asijaribu nyumbani, na huenda akahitaji upasuaji. Ndugu wa mume wanasema kukubali kisu ni kukosa imani, na kwamba wana mtu wa kumwombea.

"Mwalimu," akaniuliza, "nikimpeleka, nitakuwa nimemkana Mungu?"

Nilimuuliza anaogopa nini. Akasema anaogopa binti afe mezani watu waseme yeye ndiye aliyemuua. Nikamuuliza akibaki nyumbani anaogopa nini. Akasema, vivyo hivyo, afe. Nikamweleza kwamba hofu zake mbili zinalingana, kwa hiyo haziwezi kumsaidia kuchagua, na tuziache kwanza. Kisha nikamuuliza ni nani katika uamuzi huu asiye na sauti. Hakufikiri sana. Akasema, "Binti mwenyewe. Hajaulizwa na mtu."

Nilimsimulia habari za Atiman, kwa kifupi, maana alikuwa na haraka ya kwenda kumuuliza mwanawe.

Jumatatu asubuhi niliwaona wote wawili kwenye kituo cha magari. Binti alikuwa amekaa kivulini, mama amesimama na beseni lenye kanga, wembe mpya, unga wa uji na kadi ya kliniki juu yake. Mume wa binti alikuwa amekuja, kinyume na nilivyodhani, na yeye ndiye aliyekuwa akilipa nauli. Mama aliniona, akainua mkono, akarudi kuhesabu vitu ndani ya beseni. Hadi ninapeleka makala haya kwa mhariri, bado wako wodini.

Itaendelea wiki ijayo.